Masheikh wasituhubirie moto bila kututajia mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe ya moyoni kuhusu namna tunavyosomeshwa habari za Mitume na habari za akhera huku kwetu Mwanza. Mimi ni mwanamke wa makamo, nafanya biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na siku za Alhamisi baada ya Alasiri nahudhuria darsa la akina mama. Uanachuoni siudai. Niliyoyapata niliyapata madrasa nikiwa binti, na mengine nayasoma usiku kwa tafsiri ya Kiswahili, kazi za nyumbani zikiisha. Ila ninayoyasoma usiku ndiyo ninayoyaona sokoni asubuhi, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Juzi juzi tulikuwa na msiba mtaani kwetu. Baada ya maziko alisimama ustadhi kijana, ana sauti nzuri na amehifadhi vizuri, akatoa mawaidha marefu. Alitueleza kubanwa kwa kaburi, maswali ya malaika Munkar na Nakir, minyororo, na maji yachemkayo yanayokatakata matumbo. Watu walilia, nami nililia. Sina ugomvi na aliyoyasema, maana yamo katika dini yetu. Lakini machozi yalipokauka nilijiuliza: ametuambia ni kitu gani kinampeleka mtu huko? Alitaja kuacha sala, akataja mavazi ya mabinti, basi. Waliokaa kwenye ile mikeka wengi wao ni watu wa Mwaloni: wachuuzi, wapakiaji, madalali, wenye mitumbwi. Neno moja kuhusu kazi tunayoamkia alfajiri hadi magharibi hatukulisikia.

Qur'ani haituhubirii hivyo. Fungueni sura ya 83, Al-Mutaffifin. Ina aya 36, imo katika Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Qur'ani, na watoto wetu wengi wanaihifadhi wangali wadogo. Inaanza kwa "ole wao", na wanaoambiwa ole ni wapunjaji: wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kijae, na wao wakiwapimia watu kwa kipimo au kwa mizani hupunguza. Halafu papo hapo, kabla hata hatujajua ni watu wa mji gani, aya ya nne inauliza: hivi hao hawadhani kwamba watafufuliwa, kwa ajili ya Siku iliyo kuu, siku watu watakaposimama mbele ya Mola wa viumbe vyote? Kutoka kwenye kipimo hadi Kiyama ni aya tatu tu. Ole hiyo haikupitishwa kwanza kaburini wala kwenye nyoka. Imetoka sokoni moja kwa moja.

Wasomaji walio mbali na ziwa niwaelezee ndoo, maana bila kuijua ndoo hamtaielewa hiyo aya ya pili na ya tatu kama tunavyoielewa sisi.

Dagaa wakavu wananunuliwa visiwani na katika mialo ya kushushia samaki, Ukara, Kome, Goziba na kwingineko, na mara nyingi wanapimwa kwa ndoo. Mnunuzi huenda na ndoo yake mwenyewe. Ndoo hiyo imekatwa mdomo, ikaungwa kipande cha ndoo nyingine kwa moto au kwa kushonwa na waya, kimo kikaongezeka. Nyingine imepashwa moto mpaka ubavu umetanuka, ukiitazama kwa haraka huoni kitu. Wakati wa kupimiwa anaisimamia: ijazwe, itikiswe, ishindiliwe kwa viganja, ijazwe tena, na juu kiwekwe kichuguu mpaka dagaa waanze kumwagika. Mama aliyewaanika kwa siku mbili, akiwageuza juani na kuwafukuzia ndege, anatazama kichuguu kinapanda na hana la kusema, kwa sababu asipouza leo mvua ya kesho itawaozesha.

Mzigo ukifika Kirumba ile ndoo haionekani. Sasa inatoka sado, kopo la kupimia, na kitako chake kimegongwa kwa jiwe mpaka kikaingia ndani. Mkono wa mpimaji nao umebadilika. Kule kisiwani ulikuwa unashindilia, hapa unawadondosha dagaa kwa ulegevu, wasimame wameachana, sado ijae hewa. Kichuguu hakuna, kiganja kinapita juu na kusawazisha. Na penye mizani, utakuta mshale hauanzii kwenye sifuri, na mnunuzi mgeni aliyetoka Kongo au Burundi, ambaye yuko mbioni kuwahi gari, haangalii mshale ulianzia wapi.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu hiyo ndiyo tafsiri ya aya mbili za Qur'ani ikiwa imesimama kwa miguu yake Mwanza. Mwenyezi Mungu hakuzungumzia tu mtu anayepunguza. Amezungumzia mtu yule yule mmoja mwenye vipimo viwili, cha kuchukulia na cha kutolea. Sidhani kama kuna mfanyabiashara wa dagaa anayehitaji sheikh wa kumfafanulia. Anachohitaji ni sheikh wa kumsomea akiwa amemtazama machoni.

Na ndipo nafika kwa Nabii Shuaib (A.S.). Kijana wangu wa mwisho anaimba majina ya Mitume 25 waliotajwa katika Qur'ani bila kukosea hata mmoja, na mimi mama yake nafurahi. Siku moja nilimuuliza Nabii Yunus ilikuwaje, akasema alimezwa na samaki. Nikamuuliza Nabii Shuaib alikuja kukataza nini, akanyamaza. Nilipouliza kwa watoto wa jirani jibu lilikuwa hilo hilo. Mtoto wa Kirumba, ambaye ada yake ya shule inatoka kwenye mizani, hajawahi kuambiwa kwamba kuna Mtume mzima aliyetumwa kwa watu ambao ugonjwa wao mkubwa baada ya shirki ulikuwa mizani.

Someni sura ya Hud kuanzia aya ya 84. Nabii Shuaib anawaita watu wake wa Madyana wamwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na jambo analoliunganisha na tauhidi katika aya hiyo hiyo ni kwamba wasipunguze vipimo na mizani. Anawaambia anawaona wamo katika kheri, naye anawahofia adhabu ya siku itakayowazunguka. Hapo kwenye kheri nawaomba msimame kidogo. Madyana hawakuwa watu wa njaa. Hapa sokoni nikilalamika kuhusu ndoo naambiwa, "Mama, maisha magumu." Maisha ni magumu kweli, lakini kwa nani? Ni magumu kwa kibarua anayelipwa kwa kuanika, ni magumu kwa bibi anayenunua fungu la mia tano akawapikie wajukuu. Wenye ndoo za kuungwa ninaowafahamu wana magari ya mizigo, na baadhi wamejenga Buswelu na Nyasaka. Nabii Shuaib alizungumza na watu wa namna hiyo, akawaambia kwamba kile anachowabakishia Mwenyezi Mungu kwa njia ya halali ndicho bora kwao ikiwa wameamini.

Wakamjibu, na jibu lao liko katika aya ya 87. Walimuuliza: ewe Shuaib, hivi hiyo sala yako ndiyo inayokuamuru sisi tuache waliyoyaabudu baba zetu, au tuache kufanya tutakavyo katika mali zetu?

Mhariri, hayo maneno nimeyasikia kwa masikio yangu, mbele ya meza yangu, yakisemwa na Mwislamu mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Aliyasema kwa Kiswahili cha sokoni: "Mambo ya msikitini tuyaache msikitini, hapa ni biashara." Hakujua kwamba alikuwa anawanukuu watu wa Madyana. Wala simlaumu yeye peke yake. Mtu ambaye kwa miaka yote ya maisha yake amesikia khutba za sala, funga, udhu na adhabu ya kaburi, na hajasikia khutba ya ndoo, atajuaje kwamba sala yake ina neno la kusema kuhusu mali yake?

Natambua ugumu walio nao masheikh wetu, na nausema kwa heshima. Anayelipia umeme wa msikiti, anayenunua mikeka na kufuturisha watu mwezi wa Ramadhani, mara nyingi ndiye mwenye mzigo Mwaloni. Si rahisi kupanda mimbari ukamsomea mtu huyo sura ya 83 ilhali amekaa safu ya kwanza. Lakini Nabii Shuaib naye aliambiwa na watu wake kwamba lau si jamaa zake wangempiga mawe. Imo katika aya ya 91 ya sura hiyo hiyo. Na jibu alilokuwa amekwisha kuwapa ni kwamba hataki kuwakataza jambo kisha yeye akalifanya, hataki ila kutengeneza kadiri awezavyo. Sioni kwa nini kadiri hiyo iwe kubwa mno kwetu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu, na ndilo kiini cha barua yangu. Kwa nini Mwenyezi Mungu ameifunga mizani na Kiyama namna hii? Katika sura ya Al-Ankabut, aya ya 36, Nabii Shuaib anawaambia watu wake kwa maneno machache wamwabudu Mwenyezi Mungu, waitarajie Siku ya Mwisho, na wasifanye uharibifu katika ardhi. Kwa nini mtu wa mizani akumbushwe Siku ya Mwisho mara tu baada ya kuitwa kwenye ibada?

Naona ni kwa sababu dhambi ya kipimo ina sifa ambayo nyingine nyingi hazina: aliyedhulumiwa hajui. Ukiibiwa kuku unajua, utapiga kelele, majirani watatoka. Ukitukanwa unajua. Lakini yule mama wa Lubumbashi anayekaanga dagaa waliotoka kwenye gunia lililopunguzwa Kirumba, hatajua maisha yake yote kwamba kuna mtu alimchukulia kitu. Hatashtaki polisi, hatakuja kugonga mlango, hata dua ya mwenye kudhulumiwa hataiomba, kwa sababu hajui kama amedhulumiwa. Wakaguzi wa vipimo wa serikali wanakuja na wanafanya kazi yao, wanaweka stika, wanatoza faini. Habari ya kuja kwao huwatangulia, ndoo zinaingia chini ya maturubai, na wakiondoka zinatoka. Basi nani analinda kipimo saa kumi na moja alfajiri, giza bado lipo, muuzaji ana haraka na mnunuzi ana usingizi? Hakuna isipokuwa imani kwamba ipo siku watasimama wote.

Na aya ya sita ya Al-Mutaffifin inasema watu watasimama. Watasimama wote, wa Kirumba na wa Lubumbashi, wa Goziba na wa Bujumbura. Mama aliyeanika na bibi aliyenunua fungu watakuwapo, na siku hiyo ndiyo watakayoambiwa walichochukuliwa. Nikisoma hivyo naiona akhera kwa jicho tofauti na lile la mawaidha ya msibani. Inanitia hofu, ndiyo, kwa sababu nami napima. Lakini inanipa na faraja, maana ni siku ambayo haki ya mtu asiyejua kama ana haki inatolewa kabatini. Nabii Shuaib hakuwatisha tu watu wake, aliwaambia waitarajie.

Hapa ndipo penye uzito mwingine ambao wenzangu hatuupimi. Tunafundishwa kwamba toba ya haki ya mja, yaani ya kumdhulumu binadamu mwenzako, haikamiliki mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Aliyemwibia jirani anaweza kwenda kwa jirani. Aliyepunguza sado mia kwa watu mia asiowajua majina, waliopanda magari wakaenda zao Rwanda, Burundi na Kongo, ataenda kwa nani? Atawatafuta wapi? Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwauliza masahaba wake, katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kama wanamjua mtu aliyefilisika. Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia aliyefilisika katika umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, na funga, na zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya huyu. Basi hao watalipwa kutoka katika mema yake, na yakiisha kabla deni halijaisha, yatachukuliwa madhambi yao atupiwe yeye. Mfanyabiashara anaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Futari aliyofuturisha Ramadhani inakwenda kulipa sado. Hija inakwenda kulipa sado. Na sado ni nyingi.

Sura ya Al-Anbiya, aya ya 47, inasema Mwenyezi Mungu ataweka mizani za uadilifu Siku ya Kiyama, nafsi yoyote haitadhulumiwa kitu, hata kikiwa na uzito wa chembe ya hardali, ile mbegu ndogo ya haradali, kitaletwa. Chembe ya hardali ni ndogo kuliko jicho la dagaa.

Ipo Hadithi nyingine, nayo kaipokea Muslim, ambayo natamani ingebandikwa getini Mwaloni. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevunyevu. Akamuuliza mwenyewe: nini hiki? Akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Akamwambia: mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Anayedanganya si katika mimi. Sisi tunaouza dagaa tunajua gunia linavyopangwa. Mdomoni wanawekwa dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya vichanja, wasafi, wanang'aa; ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko unakutana na dagaa wa mchangani, walioanikwa chini, na mchanga wenyewe umo, na huo nao umeuzwa kwa kilo. Mtume wetu hakuanza kwa hotuba. Aliingiza mkono kwanza. Namwomba sheikh atakayekuja kwetu naye akunje kanzu aingize mkono.

Sura ya Al-A'raf nayo ina mambo yanayotuhusu watu wa ziwa kuliko tunavyodhani. Katika aya ya 8 imesema kwamba kupima kwa Siku hiyo ndiyo haki. Aya ya 85 inaleta mizani ya Madyana. Mkifika aya ya 163 mnakutana na mji uliokuwa kando ya bahari, watu wake wamekatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki wanawajia siku hiyo hiyo wakionekana juu juu ya maji, siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kwamba wakatafuta ujanja, wakatega kabla ya Sabato na kutoa baada yake. Nani huku kwetu hajui ujanja wa namna hiyo? Kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, limekatazwa na linavutwa usiku. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na anakatwa vipande ili urefu wake usijulikane.

Lakini kinachonigusa zaidi katika kisa hicho ni aya ya 164. Walikuwapo waliokataza, na wakatokea wengine wakawauliza: ya nini kuwaonya watu ambao Mwenyezi Mungu atawaangamiza? Wakajibu: tupate udhuru mbele ya Mola wenu, na huenda wakamcha. Wanawake wenzangu sokoni wameniuliza swali hilo hilo waliposikia naandika gazetini. Wameniambia, "Shoga, utaambulia maadui tu." Na Qur'ani inasema waliookolewa ni wale waliokuwa wakikataza. Nimechukua jibu lao likawa langu.

Huenda wakamcha. Wala si jambo lisilowezekana, kwa sababu Qur'ani hiyo hiyo imetaja mji uliorudi. Nabii Yunus tunampenda sana huku ziwani; mvuvi Mwislamu akikutwa na dhoruba katikati ya maji ulimi wake unakwenda wenyewe kwenye dua aliyoiomba ndani ya tumbo la samaki, kwamba hapana mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Ila tunamwachia pale tumboni. Hatuendelei na kisa mpaka mwisho wake, katika sura ya As-Saffat, alipotumwa kwa watu laki moja au zaidi, nao wakaamini, wakastareheshwa kwa muda. Sura ya Yunus, aya ya 98, inawataja watu wake kama mfano wa pekee wa mji ulioamini ikawafaa imani yao na kuondolewa adhabu. Mji mzima uligeuka. Mwanza nayo ni mji.

Na hata mwanzo wa kisa hicho una neno kwetu. Inasemwa kwamba Nabii Yunus alikimbilia katika jahazi lililosheheni, kura ikapigwa. Chombo kilichosheheni sisi tunakijua kwa machungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika Mwanza, na makaburi ya ndugu zetu yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Uzito uliozidi ni habari ya mizani pia. Tunaposema ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu tunasema kweli, lakini Mwenyezi Mungu huyo huyo katika sura ya Ar-Rahman ameinua mbingu akaweka mizani, akatuambia tusidhulumu katika mizani. Kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga ni utii wa aya hiyo.

Jirani yangu wa meza ya pili ni Mkatoliki kutoka Magu. Nilipomsimulia haya alinifungulia Biblia yake kitabu cha Mithali, sura ya 11, ambako mizani ya hadaa imeitwa chukizo kwa Mungu. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawasema Waislamu peke yao, wala kwamba ndoo za kuungwa ni za dini moja. Nimeanza na kwetu kwa sababu ndiko ninakokujua.

Nina maombi, Mhariri, nayo ni mepesi. Walimu wa madrasa wawafundishe watoto kila Mtume alikuja kukataza nini, wasiishie kwenye majina. Wakimtaja Nabii Salih, wataje zamu ya maji kati ya watu na ngamia. Wakimtaja Nabii Shuaib, mwalimu aje na kopo la kupimia, wajaze mchele, waone tofauti ya kushindilia na kudondosha. Viongozi wa soko letu watuwekee mizani ya kuhakikishia getini, iwe wazi kwa kila mtu, mgeni apime mzigo wake bila kulipa na bila kuomba ruhusa kwa dalali. Ukurasa wenu wa Ijumaa, ambao naupenda, utenge siku moja kwa sura ya Al-Mutaffifin peke yake.

Na masheikh wetu waje Mwaloni. Wasituite msikitini, waje wao, kama Nabii Shuaib alivyokuwa katikati ya watu wake na Mtume wetu alivyopita sokoni. Waje siku za giza, maana ndipo dagaa wanapovuliwa kwa wingi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, mizigo hupungua, na watakaowakuta ni wachache. Wafike baada ya sala ya Alfajiri, kabla magunia hayajaanza kushushwa. Vipaza sauti havihitajiki, tutasogea. Wasome ile ole ya kwanza, watafsiri aya sita tu, kisha wamwombe kila mmoja wetu alete ndoo yake anayonunulia na sado yake anayouzia, aziweke pamoja chini mbele ya wote. Zangu nitakuwa nimeshazileta.

Wassalaam,
Mama muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza